Anzieni maji ya kiunoni: kuchagua pa kutazamia samaki na boti ya kupanda

Swali: Habari za kazi, mwalimu. Mimi, mume wangu, mtoto wetu wa miaka 9 na mama yangu mzazi wa miaka 63 tunakwenda kupumzika kisiwani kwa siku 5. Tunataka kuelea na kutazama samaki tukipumua kwa mrija (snorkel), na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvaa miwani ya baharini. Mume wangu anaogelea vizuri, mimi najitahidi, mtoto anaelea na kupiga miguu, mama haogelei kabisa na anameza dawa za shinikizo la damu. Kila tangazo ninaloliona linasema sehemu yao inafaa kwa wanaoanza. Nitajuaje kama kweli inafaa? Tuchukue safari ya boti ya siku nzima au tubaki ufukweni? Na mama je, abaki mchangani akitulindia viatu?

Jibu: Nzuri, dada. Nimefurahi umeuliza ukiwa bado nyumbani. Wengi huniuliza wakiwa wameshakaa ukingoni mwa boti, mapezi ya mpira miguuni, moyo unawadunda, na hapo jibu lolote huwa limechelewa.

Nianze na hilo tangazo. "Inafaa kwa wanaoanza" mara nyingi maana yake ni kwamba wanaoanza hupelekwa hapo, basi. Mimi sehemu naiita ya anayeanza ikiwa ina mambo matatu: mtu anaingia kwa kutembea, akichoka anasimama, na akitaka kutoka anatoka bila kusubiri mtu wala kupanda kitu. Wingi wa samaki nauweka nyuma kabisa, kwa sababu mtu ambaye bado hajazoea kupumua kwa mrija hawaoni samaki hata wakimzunguka mia. Anasikia pumzi yake tu. Siku pumzi inapotulia, jiwe moja lenye samaki kumi linamtosha asubuhi nzima.

Nikipewa nafasi ya kuchagua kati ya ukuta wa matumbawe unaoteremka mita 30, ule unaopigwa picha, na kichwa kimoja cha tumbawe chenye ukubwa wa meza kilichosimama kwenye mchanga, maji yakiwa ya kifuani, mwanafunzi wangu wa siku ya kwanza nampeleka kwenye meza. Unaelea juu yake, mikono umeikunja kifuani, hupigi hata teke. Dakika ya kwanza unadhani hakuna kitu. Dakika ya pili visamaki vya buluu visivyozidi kidole gumba vinatoka katikati ya matawi, maana vilijificha kivuli chako kilipopita. Kisha unasikia mkwaruzo, kama mtu anayetafuna mifupa: ni pono, anakwangua tumbawe kwa meno yake yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, na ukimfuata kwa macho utaona baadaye anatoa wingu jeupe nyuma yake. Ule ni mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe mtakaoukanyaga imepita tumboni mwa pono. Chini ya meza, kwenye tundu, mkunga anafungua na kufunga kinywa. Watu humwogopa wakidhani anatishia, kumbe anapumua tu. Yote hayo yapo kwenye jiwe moja, hatua 20 kutoka nchi kavu.

Sasa namna ya kuitambua sehemu kama hiyo. Mkifika, simameni ufukweni dakika 10 nzima kabla hamjavua viatu. Tazameni mawimbi yanavunjikia wapi. Kama yanavunjika mbali, kwenye mwamba wa nje, na maji ya ndani yametulia, ni dalili njema. Lakini hapo pana mtego ambao natamani kila mgeni aujue. Maji yanayosukumwa na mawimbi kuvuka mwamba lazima yarudi baharini, nayo hupitia pale mwamba ulipokatika, kwenye mlango. Ukitazama kutoka ufukweni, mlango huo ndio unaoonekana mtulivu kuliko pote: hauna povu, rangi yake ni buluu iliyokolea, na mtu asiyejua husema tuingilie pale, hapana mawimbi. Pale ndipo maji yanapotoka kwa nguvu. Tupeni kijiti au nazi kavu majini mkakitazame kinaelekea wapi. Kikikaa palepale au kikirudi kwenu, vizuri. Kikiondoka kuelekea nje kwa mwendo wa mtu anayetembea, ahirisheni, tena bila kusikitika. Na kama siku moja mkondo umekuchukua, usishindane nao kwa kurudi ulikotoka. Geuka chali, elea, inua mkono, kisha katisha kwa upande mpaka utoke kwenye njia yake.

Jambo la pili ni kupwa na kujaa. Kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita takriban saa 6 sehemu nyingi, na wakati ninaoupenda kwa mgeni ni saa moja ya mwisho ya maji kujaa mpaka yanapotulia kabla ya kugeuka. Maji yakiwa yamekupwa mno, tumbo lako linaparuza matumbawe, nawe unaumia na matumbawe yanaumia. Yakiwa yanatoka kwa kasi, yanakuvuta nayo. Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hupanda sana na kushuka sana, hivyo mikondo huwa na nguvu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari ni pole zaidi. Kwa hiyo kama tarehe za safari bado mnaweza kuzisogeza, tazameni mwezi kabla ya kutazama picha za hoteli. Inategemea pia mnakokwenda: kwenye visiwa vingi vya Karibi tofauti ya kupwa na kujaa haifiki hata nusu mita, ilhali magharibi mwa Bahari ya Hindi bamvua inaweza kupandisha maji zaidi ya mita 3, na ghuba uliyoogelea asubuhi ukaikuta jioni ni uwanja mkavu.

Upepo nao. Kila kisiwa kina upande unaopigwa na upepo na upande wa demani, uliokingwa. Mgeni aende demani. Upepo ukibadilika kwa msimu, demani nayo inahama, kwa hiyo sifa ya ufukwe uliyoisoma ikiwa imeandikwa na mtu aliyekwenda mwezi mwingine inaweza isikufae. Asubuhi ni bora kuliko alasiri, kwa sababu pwani nyingi za joto upepo wa baharini huinuka kadiri jua linavyoipasha nchi kavu moto, na kufikia saa 8 mchana maji yaliyokuwa kioo yamekuwa na vijiwimbi vinavyoingia kwenye mrija. Mvua kubwa ikinyesha usiku, kaeni mbali na mdomo wa mto au mkondo wa maji machafu hata kwa siku mbili. Maji yatakuwa tope, na yale yaliyosombwa kutoka nchi kavu hayafai kumezwa.

Hamkuniambia ni kisiwa gani, basi nitaje sehemu chache zinazojulikana duniani ili mpate kipimo cha kulinganishia. Trunk Bay, kisiwani St. John katika Visiwa vya Virgin vya Marekani, ina njia ya chini ya maji yenye vibao vilivyowekwa sakafuni mwa bahari, urefu wa kama mita 200, na unaianza kutoka mchangani. Kwa mtoto wa miaka 9 ni furaha tupu, kwa sababu ana kitu cha kufuata. Hanauma Bay huko Oahu, Hawaii, ni kreta ya volkano iliyofunguka upande mmoja ikaingia bahari. Imehifadhiwa tangu 1967, kila mgeni hutazama filamu fupi ya maelekezo kabla ya kuteremka, na hufungwa siku mbili kila wiki ili samaki na matumbawe vipumzike. Maji ya ndani ya mwamba wake ni ya mwanafunzi. Nje ya mwamba ni bahari nyingine kabisa, watu wamepotea huko. Hilo ni funzo kwa kila ghuba: jina la mahali halitoshi, uliza upande gani wa mwamba.

Bonaire, Karibi ya Kusini, ina hifadhi ya bahari tangu 1979, na pwani yake ya magharibi iko demani karibu mwaka mzima kwa sababu pepo huvuma kutoka mashariki. Sehemu za kuingilia zimewekewa mawe yaliyopakwa rangi ya manjano kando ya barabara. Wazoefu wanaiabudu. Mimi anayeanza simpeleki popote tu pale, kwa sababu sehemu nyingi unaingia ukipepesuka juu ya vifusi vya matumbawe vinavyoteleza, mapezi mkononi, na mtu asiyejiamini huanguka kabla hajalowa. Visiwa vya Maldives vingi vina mwamba unaoanzia hatua chache kutoka chumbani, na hilo ni zuri sana, ila ukingo wake hukatika ghafla ukaona giza la buluu chini yako. Watu wazima na akili zao hushtuka wakaanza kupaparika, ingawa maji ni yaleyale yaliyowabeba sekunde moja kabla. Huko kaeni upande wa ndani, kwenye mchanga, mpaka moyo uzoee.

Kuhusu vifaa sitasema mengi isipokuwa miwani, maana miwani mbovu imeharibu likizo nyingi kuliko papa wote wa dunia. Iweke usoni bila kuvuta mkanda, vuta pumzi kidogo puani, kisha achia mkono. Ikibaki imeshika uso, inakutosha. Ikidondoka, jaribu nyingine, hata kama hiyo ndiyo yenye rangi nzuri. Hakikisha hakuna unywele uliokwama kwenye ukingo wa mpira, kwani unywele mmoja unatosha kuingiza maji. Mume wako kama ana masharubu, apake mafuta mazito ya ngozi juu ya mdomo. Mkanda usikazwe sana: watu hukaza wakidhani wanazuia maji, kumbe wanaupinda mpira na maji ndiyo yanaingia. Mvuke kwenye kioo unauzuia kwa mate. Tema ndani, sugua kwa kidole, suuza mara moja. Miwani mipya kabisa hufunga ukungu mpaka uisugue kwa dawa ya meno nyumbani mara mbili tatu. Mtoto apate ya kipimo chake, msijaribu ya mtu mzima iliyokazwa. Na anayevaa miwani ya macho aulize ya baharini yenye lenzi za kipimo chake; zipo.

Ile barakoa inayofunika uso mzima siipendekezi kwa anayeanza, na kwa mama yako naikataa kabisa. Inavutia kwa sababu unapumua kwa pua na mdomo kama kawaida. Lakini nafasi ya hewa ndani yake ni kubwa, na ile isiyotengenezwa vyema humfanya mtu avute tena hewa aliyoitoa. Isitoshe, ukipatwa na shida huwezi kutema mrija ukavuta hewa papo hapo, ni lazima kwanza uivue yote kichwani.

Dada, hapa naomba usome polepole. Hawaii, ambako mambo haya yamefuatiliwa kwa karibu, kuogelea kwa mrija ndiko kunakoongoza kwa vifo vya wageni majini. Uchunguzi uliotolewa huko mwaka 2021 ulionyesha kwamba wengi hawakuzama kwa kumeza maji wala kwa kupigana na mawimbi. Kuvuta hewa kwa nguvu kupitia mrija mwembamba, huku mtu akijitumia kupita kiasi, kunaweza kufanya majimaji ya mwili yajikusanye mapafuni, na wenye matatizo ya moyo wako hatarini zaidi. Dalili zake ni pumzi kukata ghafla na mwili kulegea, bila kelele. Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu wote, vijana kwa wazee: ukihisi pumzi haitoshi na huelewi kwa nini, usingoje. Simama, vua miwani, toka majini. Ndiyo maana nang'ang'ania maji ya kusimama. Aliye kwenye maji ya kiunoni ana njia ya kutoka kwa sekunde moja.

Nusu saa yenu ya kwanza iwe hivi. Ingieni mpaka kiunoni bila mapezi. Vaeni miwani na mrija, inameni tu, uso majini, miguu ikiwa bado imekanyaga. Pumueni kwa mdomo: kuvuta polepole, kutoa kwa muda mrefu zaidi kuliko kuvuta. Pumzi kumi. Inukeni. Tena. Baada ya hapo jazeni mrija maji kwa makusudi na kuyapuliza nje kwa neno moja la nguvu, "tu!", mpaka yaruke juu kama ya nyangumi, mtoto ataipenda hii kuliko yote. Kisha ingizeni maji kidogo kwenye miwani, simameni, inueni ukingo wa chini, yamwagike. Nataka maji yaingie mkiwa mmesimama, mkicheka, ili yakija kuingia mkiwa mnaelea yawe ni jambo mnalolijua. Ndipo mlale juu ya maji, mwenzako akikushika mkono.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mtu mzima, hodari wa kuogelea kwenye bwawa. Aliruka hatua hizi zote. Akaelea vizuri, akachoka, akashusha mguu asimame, na mguu haukugusa. Nyuma ya kioo, majini, kitu huonekana kikubwa kwa theluthi na karibu kwa robo. Mchanga aliouona ulikuwa mita moja na nusu, ulikuwa kweli mita mbili. Mguu ulipokosa sakafu akatema mrija, akameza maji, akaanza kunipanda mabegani. Nilimgeuza chali, jaketi lake la kuelea likambeba, tukatoka salama. Alikaa kwenye mchanga akitetemeka, akaniambia hakuwahi kuogopa kiasi kile maishani. Alijua kuogelea. Kile ambacho hakuwa amekizoea ni kudanganywa na kioo. Basi kabla ya kuamini kina, shuka ukipime kwa mguu ukiwa karibu na ufukwe.

Mapezi yaje baada ya hapo. Yavae ukiwa majini, maji ya mapajani, na ukitembea nayo rudi kinyumenyume. Teke litoke nyongani, polepole, magoti yasikunjwe kama ya mwendesha baiskeli.

Sasa boti. Kwa siku 5, mimi ningepanga hivi: siku ya kwanza na ya pili ufukweni, siku ya tatu au ya nne boti ya nusu siku, asubuhi. Msiipande siku ya kwanza hata kama bei ina punguzo. Kwenye boti unaruka au unateremka ngazi kuingia kwenye maji yasiyo na sakafu, mbele ya watu usiowajua wanaokusubiri, na huo ndio wakati mbaya kuliko wote wa kujifunza kupumua. Ya siku nzima, yenye vituo vitatu, nawashauri msiichukue. Kufikia kituo cha tatu watoto huwa wanatetemeka, watu wazima wamechoka, na ajali huwapata waliochoka.

Mkienda kuulizia, maswali yangu kwa mwenye boti ni machache, na la kwanza ndilo kubwa: nani atakuwa ndani ya maji pamoja nasi? Nahodha akibaki juu, ni sawa, lazima abaki. Lakini kama hakuna mwongozaji anayeingia majini, hiyo ni teksi ya baharini, na kwa familia yenu haifai. Wangapi kwa kila mwongozaji? Zaidi ya wanane mimi nasita, na kwa wanaoanza nataka wanne au watano. Nani anabaki juu akitazama maji, bila kazi nyingine? Je, kuna jaketi la kipimo cha mtoto? Ombeni mlione, mlifunge, mlivute kwa juu. Likimpanda masikioni si lake. Ngazi ikoje? Ngazi fupi isiyoshuka majini vya kutosha ni mateso kwa mtu mwenye magoti. Chombo kinafungwa kwenye boya lililowekwa, au wanatupa nanga? Anayetupa nanga juu ya matumbawe anavunja kilichomleta hapo. Na injini inazimwa watu wakiwa majini? Rafadha, yale mapanga ya injini yanayozunguka majini, haina rehema.

Tazama pia kama wanahesabu watu. Januari 1998 mume na mke kutoka Marekani walizamia kwenye Great Barrier Reef, Australia, boti ikarudi bandarini bila wao, na siku mbili zikapita kabla ya mtu yeyote kugundua kwamba wameachwa. Hawakuonekana tena. Baada ya hapo jimbo la Queensland lilikaza taratibu za kuhesabu watu. Huko leo waogeleaji wa mrija lazima wawe na mtu wa kuwatazama kutoka juu, na wale walio hatarini kwa sababu ya umri au afya huvalishwa kifaa cha kuelea chenye rangi inayowatofautisha, ili macho yasiwapoteze. Ni utaratibu mzuri, na hata kisiwa chenu kikiwa hakina sheria hiyo, mnaweza kujiwekea wenyewe: wote wanne vaeni rangi moja kali, hesabianeni kabla injini haijawashwa, na mkubaliane ishara. Kiganja juu ya utosi maana yake mimi mzima. Mkono unaopunga maana yake njoo. Kwa hiyo msimpungie mtu kumsalimia mkiwa majini, hata mkifurahi vipi.

Bahari ikiwa inamlevya mmoja wenu, dawa imezwe kama saa moja kabla ya kupanda. Ikianza kutapisha imeshachelewa. Kaeni katikati, karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo, macho kwenye upeo, na msitazame simu. Mara nyingi kichefuchefu hutulia mtu akiingia majini. Lakini dawa nyingi za kichefuchefu huleta usingizi, na mama asimeze yoyote bila kumuuliza daktari wake kama inapatana na za shinikizo.

Mtoto atasema hana baridi. Msimsikilize. Maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa, na mwili mdogo huishiwa haraka. Hata maji ya nyuzi 27 yatamfanya midomo ibadilike rangi ndani ya dakika 40. Nusu saa majini, kisha nje, taulo, kitu cha kula, halafu arudi. Wote vaeni fulana za mikono mirefu, kwani mgongo na nyuma ya magoti huungua bila kuhisi wakati maji yanapoza ngozi. Fulana pia inapunguza mafuta ya kukinga jua mnayoyaacha baharini. Ili kulinda matumbawe, Hawaii imepiga marufuku kuuza yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati tangu Januari 2021, na Palau, nchi ya visiwa katika Pasifiki, ilitangulia mwaka mmoja. Chagueni yenye oksidi ya zinki, myapake mapema yakauke.

Kuhusu viumbe, kanuni yangu ni kutogusa chochote, na inalinda pande zote mbili. Tumbawe la mviringo lenye ukubwa wa meza hukua chini ya sentimita 2 kwa mwaka, mara nyingi pungufu ya hapo. Teke moja la pezi linaweza kuvunja kilichoanza kukua kabla mama yako hajazaliwa. Mkitembea kwenye mchanga wenye maji, burutieni miguu badala ya kukanyaga, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia apate kuondoka. Akimchoma mtu, au mtu akikanyaga samaki jiwe, tumbukizeni mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, kama nyuzi 45, mpaka maumivu yapungue, huku mkienda hospitali. Yapimwe kwanza na mtu ambaye hajaumia, kwa sababu aliyeumia hahisi kuungua. Kasa mkimwona, mwacheni mbele yenu, msimfuate kwa juu. Anahitaji kupanda kuvuta hewa, nanyi mkiwa juu yake mnamzibia mlango.

Na mama. Hapana, asilinde viatu. Kabla hamjasafiri, amwone daktari wake na amwambie wazi: nataka kuelea na kupumua kwa mrija kwenye maji ya kiunoni, moyo wangu unaruhusu? Daktari akikataa, ulizieni boti yenye kioo chini. Ataona pono walewale mtakaowaona ninyi, bila kulowa, na mtoto akae naye awe anamtajia. Daktari akikubali, mpelekeni asubuhi ya pili, maji yakiwa yametulia, mkiwa ninyi wenyewe mmeshazoea. Avae jaketi, ashike boya la duara au ubao wa kuelea kwa mikono yote miwili, na mume wako asimame ubavuni mwake akiukanyaga mchanga, asiogelee. Mrija auache kwanza. Miwani tu: avute hewa, atie uso, atazame, ainue. Nimewapa watu wa umri wake miwani hivyo, kwenye maji ambayo hayakuwafika kifuani, juu ya mchanga mtupu wenye kiti cha pweza kimoja tu, yule kiumbe mwenye umbo la nyota. Wakainua uso, wakasema subiri, bado sijamaliza, wakarudi kutazama.